Miezi Minane ya Kamba

Soko la samaki saa tatu asubuhi si mahali pa kutafutia mchumba. Sakafu imelowa, wauzaji wanaitana juu ya vichwa vya wateja, na harufu ya pale ukiondoka nayo unalala nayo. Lakini moyo hauchagui mahali. Fundi alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya friji ya muuzaji wa tatu kutoka mlangoni, akitafuta gesi inavujia wapi, aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake.

"Kaka, hawa kamba ni wa leo au wamelala?"

Alitoa kichwa. Mbele yake alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la buluu lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono, kikapu begani, akiinua kiatu kimoja kimoja kukwepa maji. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji mwenyewe alikuwa amekwenda kununua sabuni. Mtu mwenye akili timamu angesema, mimi si muuzaji, dada, mimi fundi friji, msubiri mwenyewe anarudi. Na Fundi alikuwa amefungua mdomo aseme hivyo hivyo.

"Wa leo kabisa," alisema. "Wametoka majini alfajiri."

"Umejuaje?"

"Kamba mimi hawanipiti. Nikiwatazama tu nawajua."

Naomba tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo mwanamume alipojichimbia shimo. Fundi hakuwa amegusa kamba tangu akiwa na miaka tisa. Alizaliwa mbali na bahari, mwendo wa siku nzima kwa basi, na siku moja mjomba wake alirudi safari na mfuko wa kamba wakavu kama zawadi. Mtoto alikula wanne. Uso ukamvimba kama puto, koo likaanza kuziba, na mama yake akambeba mgongoni mbio mpaka zahanati. Daktari akaonya kwamba mtoto huyu na kamba, na kaa, na ndugu zao wote wenye gamba, wasikutane tena maishani. Samaki wa kawaida hawakuwa na ugomvi naye.

Lakini yule dada alicheka, na Fundi hakuwa amewahi kuchekewa hivyo na mtu aliyevaa vizuri namna ile.

"Na unawapikaje?"

"Kitunguu saumu na ndimu," alisema Fundi, ambaye alikuwa amemsikia mteja mmoja akisema hivyo dakika tano kabla.

"Kama mimi." Kisha macho yakashuka mpaka mkononi mwake. "Muuzaji wa kamba mwenye bisibisi?"

"Mimi fundi friji. Hukuniuliza."

"Aa. Umeanza na uongo."

"Nimenyamaza tu."

"Haya. Mimi ni karani wa mahakama. Kazi yangu kuandika maneno ya watu walioapa kusema kweli. Uongo nausikia kutwa na nalipwa mshahara kwa kuusikia. Nyumbani siutaki hata wa bure." Alisema hivyo huku anatabasamu, akamwomba namba, kwa sababu friji ya kwake ilikuwa inanguruma.

Hapo ndipo angesema. Sentensi moja tu ingetosha. Alijiambia atasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Friji ikatengenezwa, ikaharibika tena, ikatengenezwa, ikaharibika tena, na kufikia mwezi wa pili Fundi alikuwa anapanda ngazi za ile nyumba ya ghorofa mbili hata friji ikiwa nzima. Karani alikuwa na kibaraza kinachoona bahari, meza ndogo, na mkono wa kupika uliomfanya jirani wa chini afungue dirisha makusudi. Na kwa kuwa mpenzi wake alisema kamba hawampiti, kila Jumamosi kulikuwa na kamba.

Mapenzi humfundisha mtu ujanja. Fundi alikula wali, alikula samaki, alikula mboga, kisha akashika tumbo.

"Nimeshiba, mpenzi. Hawa nifungie. Chakula chako nataka nikile kesho peke yangu, polepole."

"Fundi wangu wewe," alisema Karani, akimfungia kwenye bakuli lenye mfuniko. Alipenda kwamba kuna mwanamume anayetaka kula chakula chake polepole.

Bakuli lile halikuwahi kupita getini. Lilimkuta mlinzi, mzee mwenye kofia ya sufu, ambaye hakuuliza maswali. Kesho yake Fundi alimpigia simu.

"Mzee, wa jana vipi?"

"Ndimu imekaa mahali pake. Ila moto ulikuwa mkali kidogo."

Kisha akampigia Karani. "Mpenzi, wa jana, ndimu imekaa mahali pake. Ila moto, nadhani ulikuwa mkali kidogo."

"Kweli kabisa," Karani alisema, akashangaa na kufurahi. "Nilikuwa kwenye simu na dada yangu nikawasahau. Wewe ulimi wako si wa mchezo."

Miezi minane ikapita hivyo. Mlinzi akaongeza tundu kwenye mkanda, upande wa nje.

Sasa mama yake Fundi akataka kumwona huyo anayemfanya mwanawe apige simu huku anacheka. Angekuja Jumamosi na yule mjomba, kaka yake, kwa neno maalumu. Fundi alipanga kuwapeleka mgahawani wakale kuku. Karani hakutaka kusikia.

"Mama mkwe aje kutoka huko kote nimlishe kuku? Kuku kwao hawapo? Watakula kwangu, kibarazani, kwa mikono, bila makuu. Samaki wa kuchoma, pweza, kaa, na kamba wako."

"Kamba wangu," alisema Fundi.

Jumatano jioni alikuwa kibarazani kwa Karani akipima kama meza itatosha watu wanne. Ndani maji yalikuwa yanamwagika kwenye sinki, akaona ni nafasi nzuri ya kumpigia mama yake.

"Mama, nakuomba, ukifika usilitaje. Mbele yake usilitaje kabisa."

"Mimi niliyekubeba mgongoni?" sauti ya mama ilitoka mbali. "Nikae nikutazame tu?"

"Miezi minane nimemficha, Mama. Akijua sasa ndio basi, ananiacha. Siku moja tu. Baada ya hapo nitalimaliza mwenyewe."

"Kusema sitasema. Lakini sikuahidi mkono wangu utafanya nini."

Asichojua Fundi ni kwamba bomba lilikuwa limefungwa zamani, na Karani alikuwa amesimama mlangoni na glasi mbili za juisi. Watu wa mahakamani wana udhaifu mmoja. Wakisikia nusu ya ushahidi, nusu nyingine wanaijaza kwa kesi walizowahi kuandika. Na mwaka ule Karani alikuwa ameandika kesi nne za wanaume wenye mke huku na mke kule. Alirudisha glasi jikoni bila kelele. Alipotoka tena alisema kichwa kinamuuma, akamwomba Fundi aende.

Ijumaa Fundi alipiga simu.

"Mpenzi, umelalaje?"

"Kitandani."

"Karani wangu, nimekosa nini?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Basi labda tuahirishe ya kesho, upumzike."

"Wageni wameshapanda basi. Mgeni hana kosa," alisema Karani. "Waje saa kumi na moja na nusu, na wasichelewe. Samaki hangoji."

Akakata. Fundi alikaa na simu mkononi kwenye ngazi za mteja wake. Hakujua ni nini, lakini alijua kwamba sauti ile ndiyo ambayo mshtakiwa huitwa nayo.

Walifika jua likiwa bado halijazama. Mama alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, gauni la zambarau la sherehe, ameshika chupa ya asali kwa mikono miwili tangu kituo cha basi. Mjomba alivaa koti na jua lote lile, kwa sababu mtu aliyekuja na neno havui koti. Karani aliwapokea mlangoni akiwa na gauni la njano, hereni ndogo na aproni, macho yamevimba kidogo.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mjomba. Poleni na safari."

"Marahaba, mwanangu," Mama alisema, akamkabidhi asali, akamshika uso kwa viganja vyote viwili na kumtazama. "Mbona umelia?"

"Vitunguu, Mama."

Kibarazani meza ilikuwa imetandikwa magazeti ya zamani. Katikati palikuwa na samaki mkubwa aliyebanikwa, amepasuliwa mgongo, na kumzunguka pweza aliyekatwa vipande, kaa wekundu, ndimu zilizopasuliwa, na sinia la kamba wanaong'aa kwa mafuta na kitunguu saumu. Upepo ulikuwa unacheza na kingo za magazeti. Karani alipitisha maji ya kunawa.

"Hapa hakuna uma wala kisu. Kila mtu ajisaidie, jisikieni mko kwenu."

Mama alimtazama kaa aliyekuwa mbele yake. "Huyu ananiangalia."

"Haangalii, dada, ameshapikwa," alisema Mjomba.

"Amepikwa na bado anaangalia."

Mjomba hakuwa na muda wa kubishana. Wasiwasi aliokuwa nao kuhusu koti lake aliusahau kwenye kaa wa kwanza, na kwenye wa pili koti lenyewe likavuliwa. Karani alimfundisha Mama kuvunja gamba, kidole juu ya kidole, akamwekea nyama nyeupe kwenye sahani. Mama alionja kwa ncha ya ulimi, akaonja tena. "Hii bahari," alisema, "mmekaa nayo peke yenu muda wote huu." Hata Karani alicheka. Kwa dakika chache ungeona ni meza isiyo na doa.

Ila sinia la kamba lilikuwa na mwendo wa ajabu. Kila lilipokaribia upande wa Fundi, mkono wa Mama ulilishika na kulirudisha upande wa Mjomba. Mara ya kwanza Karani alidhani ni bahati. Mara ya tatu aliacha kula. Hata Mama anamlinda, aliwaza, na hakujua anamlinda na nini, lakini lilimuuma. Akachukua kamba mmoja mnene, akammenya taratibu, akamchovya kwenye ndimu, akanyoosha mkono juu ya meza mpaka mdomoni mwa Fundi.

"Fundi wangu. Leo usifungiwe. Kula hapa mbele ya Mama nikuone."

Mjomba aliacha kutafuna. Mama alinyanyuka nusu kitini. Kamba alikuwa karibu kabisa na midomo ya Fundi. Fundi aliyaona yale macho yaliyovimba, akajua kwamba vitunguu havikuhusika. Alijua pia kwamba akisema atampoteza. Akamshika kifundo cha mkono, taratibu, akausogeza mbali.

"Mwanangu—" Mama alianza.

"Mama, acha. Niseme mwenyewe." Akamgeukia Karani. "Karani, mimi sili kamba. Siwezi. Wananiziba koo, tangu nina miaka tisa. Kaa pia. Siku ile sokoni nilikudanganya, na nimekudanganya kila Jumamosi mpaka leo."

Karani hakusogea. "Hilo ndilo ulilokuwa unamwambia Mama kwenye simu Jumatano?"

"Ulisikia?"

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Huna mke huko kwenu?"

"Mke?" Mama aliuliza, akakaa chini. "Huyu? Mwanangu, huyu hata soksi zake hazijui kukaa mbili mbili."

Mjomba alicheka mpaka akahitaji maji. Karani hakucheka. Alimtazama kamba aliyekuwa bado vidoleni mwake kama mtu aliyegundua ameshika wembe, akamweka chini, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akaingia ndani.

"Mfuate," alisema Mjomba. "Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo tutalizungumza baadaye. Lakini mwanamke akinawa mikono mara mbili namna hiyo, mfuate."

Alimkuta jikoni ameegemea friji, mikono ameikunja.

"Kamba wangu walikuwa wanakwenda wapi?"

"Kwa mlinzi."

"Wote?"

"Wote."

"Na zile sifa? Ndimu imekaa mahali pake?"

"Za mlinzi."

"Kwa hiyo miezi minane nasifiwa na mlinzi." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ndiyo maana juzi ananiambia siku hizi nimepunguza chumvi. Nikasema huyu mzee amejuaje."

Fundi alitaka kutabasamu, lakini akamwona anafuta machozi kwa nyuma ya mkono, tabasamu likamfia.

"Unadhani nimekasirika kwa ajili ya bakuli?" Karani alisema. "Mwezi wa nne nilitaka kuwasaga kamba niwatie kwenye mchuzi wa samaki, uwe mzito. Nilikosa tu kinu. Ungekula, kwa sababu usingejua. Ungekufa mezani kwangu, kwa mkono wangu, nami nisijue hata nimwambie nini daktari. Ulifikiria hilo?"

Hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameogopa kuachwa, muda wote huo, na haikumjia kamwe kwamba yeye ndiye angemwacha, kwa kufa. Akajiona mjinga kuliko siku zote.

"Sikulifikiria," alisema. "Siku ile ulicheka, nikaogopa nikisema kweli utanunua kamba wako uondoke. Kisha nikaogopa kwa sababu nimechelewa. Nakupenda, Karani. Nakupenda vibaya, ni kweli, lakini nakupenda."

Kutoka nje ilisikika sauti ya Mama akimwambia Mjomba aache kaa mmoja wa adabu.

"Nyoosha mkono wa kulia," Karani alisema. "Useme kweli tupu. Kuna uongo mwingine?"

Fundi alinyoosha mkono. Haukuwa na hata tone la mafuta.

"Upo. Friji yako mara ya pili haikuharibika. Nililegeza waya mara ya kwanza, ili uniite tena."

"Na mara ya tatu?"

"Waya ule ule."

Karani alifunika mdomo, lakini mabega yalimsaliti. Alicheka akilia, akampiga kifuani kwa kitambaa cha vyombo, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa hasira kidogo, na mara ya tatu aliuacha mkono pale pale.

"Umekula nini leo?"

"Sijagusa kitu. Niliogopa hata samaki, kaa wamemzunguka."

Akafungua friji, akatoa mayai matatu, akasugua kikaango upya ingawa kilikuwa safi. Mafuta yalipoanza kulia aliita, "Mama, njoo kidogo. Njoo na Mjomba."

Wakaja, vidole bado vina harufu ya ndimu. Karani alikuwa amechukua karatasi na kalamu ya kazini.

"Mama, nitajie kila kitu kinachomdhuru huyu. Usiache hata kimoja."

"Kamba," Mama alisema. Kalamu ikaenda. "Kaa. Na wale wakubwa wenye pembe ndefu, daktari alisema na wao."

"Endelea."

"Maziwa mabichi yanamvuruga tumbo. Pilipili anajifanya anaiweza, haiwezi." Mama akashika ukingo wa meza. "Akiwa na homa hasemi. Utaona tu amekuwa mpole kupita kiasi, basi mguse paji la uso. Akiwa na huzuni hutengeneza vitu vizima. Usimkataze, mpe kitu akifungue." Kalamu ilikuwa bado inakwenda. "Na giza la ghafla, umeme ukikatika, mpaka leo hushtuka. Ukiwa karibu mshike mkono, ila usimwambie kwamba umejua."

Karani aliandika yote, neno kwa neno, kama alivyozoea. Fundi alikuwa amegeukia kikaango ili wasimwone uso.

"Weka sahihi hapa, Mama."

Mama akaweka. Karani akaweka ya kwake chini yake, na tarehe.

"Na mimi nisaini wapi?" aliuliza Fundi bila kugeuka.

"Wewe husaini. Wewe ni kielelezo."

Akaibandika ile karatasi kwenye mlango wa friji kwa sumaku, akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Mjomba akaona huu ndio wakati. Alivaa koti, vidole vikiwa bado na mafuta, akakohoa.

"Binti yetu, sisi tulikuja na neno. Mwenye kosa la kwanza ni mimi, mimi ndiye niliyeleta wale kamba wakavu, na sijalisahau mpaka leo. Kijana wetu umemwona. Ana kasoro, nyingine umeziandika mwenyewe. Tunauliza kama utakubali kuishi naye."

Fundi alishika kikaango na kusahau kukitoa motoni.

Karani alipitisha kiganja kwenye mlango wa friji, juu ya karatasi, polepole.

"Fundi," alisema, "hii friji ni ya mtu mmoja. Nitafutie ya watu wawili. Na sitaki inayoharibika kila wiki."

Ilimchukua muda kuelewa, yeye ambaye kazi yake ni friji. Alipoelewa, alimgeukia na kikaango mkononi, macho yamejaa.

"Nikiwa naishi humu humu, iharibike ya nini?"

"Mayai yanaungua," alisema Mama, akampokonya kikaango.